Ervin Pluta na Mzunguko wa Bure

Mwaka wa kwanza mbio za baiskeli zilipofika Port Hedwig, mji mdogo wa ziwani jimboni Wisconsin, Marekani, Ervin Pluta alitoka nyumbani kwake kwenda kugombana.

Walikuwa wamefunga barabara. Vizuizi vya chuma kila kona, marobota ya majani makavu yamefungwa kwenye nguzo za taa, na pikapu yake imezingirwa humo ndani pamoja na mashua iliyokuwa nyuma yake. Na siku hiyo samaki walikuwa wanakula chambo. Akamwendea mtu wa kwanza aliyemwona amevaa fulana ya njano.

"Bwana, mimi nalipa kodi hapa. Nitoe."

Yule mtu alikuwa amesimama juani tangu asubuhi. Hakubishana. Alivua filimbi shingoni mwake akamvisha Ervin. "Shika kona hii. Wakija, piga. Wakishapita, vusha watu. Nakuja sasa hivi."

Hakurudi mpaka jioni. Ervin akasimama pale. Alivusha kina mama na vigari vya watoto, alimvusha padri, akamzuia meya. Mashua ilishinda barabarani bila kuona maji. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe Lucille mlangoni, mikono kiunoni.

"Samaki wako wapi?"

"Sikwenda."

"Ulikuwa wapi kutwa nzima?"

"Nilikuwa napiga filimbi."

Lucille alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akamtazama vizuri. Uso ulikuwa umeungua na jua na ulikuwa na raha. Hakuwa ameuona uso ule tangu kiwanda cha ngozi kifungwe.

Ervin aliingia kiwanda kile kabla hajaota ndevu. Shule aliiacha, au shule ilimwacha, hakuwa mtu wa kueleza. Alisimama kwenye mapipa ya dawa miaka yote ya ujana wake, akilowesha ngozi za ng'ombe wa Wisconsin mpaka kucha zake zikageuka rangi ya chai. Kiwanda kilipofungwa alifanya vibarua: kuzoa theluji wakati wa baridi, kupaka nyumba rangi wakati wa joto. Ni mtu ambaye ukimuuliza habari za asubuhi hujibu "nzuri" na akaona ameshazungumza.

Mbio zile huja Wisconsin kama sikukuu. Mwezi wa Juni, kila siku mji mwingine. Asubuhi hushindana watu wa kawaida: walimu, mafundi bomba, madaktari wa meno wenye vitambi. Jioni huja wale wanaojipatia riziki kwa miguu yao. Njia ni fupi, mitaa minne mitano, na wanaizunguka na kuizunguka mpaka kengele ya mwisho. Watu hukaa kwenye viti vya kukunja mbele ya nyumba zao, bia mkononi, wanapiga kelele. Kundi likipita karibu, upepo wake unakuvua kofia. Halafu kimya. Halafu linarudi tena.

Mwaka wa tatu au wa nne, mwamuzi wa kituo cha magurudumu alizimia kwa joto. Wakubwa wakatafuta mtu wa kumweka pale. Mmoja akasema, "Yule aliyemzuia meya yuko wapi?"

Ndivyo Ervin alivyokipata kiti chake.

Kituo cha magurudumu ni pale pembeni ya njia, kimezungushiwa kamba, magurudumu ya akiba yamepangwa chini kama sahani. Mshindani akipata pancha au akianguka, anaingia pale. Fundi anamtengenezea. Kisha anangoja kundi lizunguke, likifika anasukumwa arudi mahali pake pale pale alipokuwa, kana kwamba hakutoka. Huo ndio mzunguko wa bure. Ni haki ya mtu aliyepatwa na ajali. Aliyechoka hana haki hiyo, wala aliyeachwa na wenzake.

Lakini mtu aliyeachwa na wenzake ana akili nyingi. Kuna waliofungua breki wenyewe wakija. Kuna waliotoa upepo tairini kwa kidole. Kijana mmoja alijipaka vumbi gotini akaja anachechemea, na alipoulizwa aliangukia wapi akaonesha kona ambayo Ervin alikuwa anaitazama tangu mbio zianze. Kazi ya mwamuzi ni kusema ndiyo au hapana, na muda wa kusema ni ule kundi linaoutumia kuzunguka kanisa.

Ervin hakugombana na mtu. Alikuwa na neno moja tu.

"Nioneshe."

Ukiwa na kitu, ulimwonesha, na mkono wake ulikuwa wa kwanza kukusukuma. Ukiwa huna, alikaa kimya akikutazama, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko uongo wako. Kisha alisema, "Pole. Kanywe maji." Hakuwahi kupandisha sauti. Mabingwa walimtukana, na mmoja aliyekuwa amevaa bendera ya nchi yake alitupa chupa ya maji miguuni pake. Ervin aliiokota, akaifuta, akamrudishia.

Fundi wa kituo ni Gus Tesch, mwenye duka la baiskeli, mtu mnene mwenye kijiti mdomoni siku zote. Wamekaa pamoja pale majira mengi.

"Erv," Gus humwambia, "siku ya kiama ukipewa mlango wa peponi, nitaomba niingie kwa mlango wa jikoni."

"Kule pia nitakuwepo."

Lucille alikuwa na kazi yake upande mwingine. Washindani wengi hawana hela za hoteli. Watu wa miji ile huwapokea majumbani, huwapa kitanda na chakula, wiki nzima, bure. Lucille alipokea watatu, wanne, wakati mwingine sita. Walilala kwenye makochi, walilala chini. Bafu lilijaa soksi. Alipika sufuria za wali na kuku mpaka kuta zikanuka vitunguu hadi Agosti. Aliwauguza vidonda, aliwasikiliza habari za wapenzi wao, na Jumapili jioni, siku ya mwisho, aliwachemshia soseji kwa bia na vitunguu, akazimalizia kwenye jiko la mkaa uani.

Naye Lucille hakuwa na hapana kinywani.

"Ulimnyima yule mtoto wa Ohio?" alimuuliza mumewe mwaka fulani.

"Hakuwa na kitu cha kuonesha."

"Alikuwa na machozi, Erv!"

"Machozi si pancha."

"Kha! Mungu alinipa mume au lango?" Lakini usiku ule ule alimkatia mumewe kipande kikubwa cha mkate mweusi wa rai, akampakia siagi mwenyewe.

Februari iliyopita Lucille alifariki. Moyo. Alikuwa ameinuka kufunga pazia.

Watu wa Port Hedwig ni watu wema. Walileta vyakula, walizoa theluji mlangoni kwake bila kuambiwa. Lakini tangu mazishi, hakuna aliyemtaja Lucille mbele yake. Waliona wanamhurumia. Dukani, kanisani, kwenye meza ya karata, jina lilikwepwa kama shimo barabarani. Watu walianza kusema "wakati ule", "zamani", wakaishia hapo. Ervin naye hakuwa mtu wa kuanzisha. Akaona mwanamke aliyeishi naye tangu ujana anafutika mdomoni mwa watu, kidogo kidogo, na hajui amzuie nani.

Mei simu ikalia. Alikuwa Jolene Abeyta, mshindani kutoka New Mexico. Huyo alilala nyumbani kwao kila Juni tangu alipokuwa msichana asiyejua kukata kona. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mguu mmoja uliojaa makovu.

"Mzee, chumba changu bado kipo?"

"Kipo."

"Mama Lu aliweka wapi lile blanketi langu la kijani? Maana alisema atalifua, na mimi namjua, alikuwa anaficha vitu halafu anasahau."

Ervin alikaa chini na simu sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Nitalitafuta," akasema.

Kamati ya mbio ilimwambia asijisumbue na wageni mwaka huu. Akawaambia anaye mmoja.

Wiki ile nyumba ilipata pumzi. Viatu mlangoni, mafuta ya kuchua kwenye beseni, Jolene akiimba vibaya bafuni. Na kila mlo, Lucille. Mama Lu alivyomfukuza paka kwa ufagio akavunja taa. Mama Lu alivyokwenda kumpigia kelele Jolene akashangilia mtu mwingine mbio nzima kwa sababu fulana zilifanana. Jolene alizungumza, Ervin alisikiliza, na mara moja moja alisahihisha. "Haikuwa taa. Ilikuwa saa ya ukutani." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kila siku walikwenda pamoja, mji baada ya mji, baiskeli nyuma ya pikapu. Jolene alikuwa anakwenda vizuri kuliko mwaka wowote. Washindani hukusanya alama siku hadi siku, na ilipofika Jumamosi alikuwa wa tatu.

Asubuhi ya Jumapili alimwambia, akiwa anakoroga uji wa shayiri, "Kuna timu ya magharibi. Ndogo, lakini wanalipa mshahara. Wamesema nikibaki kwenye tatu bora wananichukua."

"Vizuri."

"Nisipobaki, narudi kwa dada yangu kuuza matairi ya magari. Umri umekwenda, Mzee. Hili ndilo basi la mwisho."

"Basi panda," Ervin akasema.

Siku hiyo ya mwisho mbio zilikuwa Port Hedwig kwenyewe. Jua kali, ziwa limetulia, moshi wa nyama kila ua. Mbio za wanawake zilianza jua likiwa limeanza kulegea. Jolene alikaa katikati ya kundi, mahali pazuri, mabega yametulia. Kila alipopita, Gus alipiga kelele, "Haya, binti wa nyumbani!" na Ervin alitikisa kichwa kidogo.

Mbio zilipopita nusu, mtangazaji akapiga kengele ya zawadi. Duka la mikate lilikuwa limetoa keki na pesa kwa atakayetangulia mzunguko ule. Kundi likafyatuka. Jolene hakuwa na haja na keki, lakini alikuwa amekaa nyuma kidogo kuliko ilivyofaa, na kwenye kona ya kanisa akaipanua mno, tairi likakwaruza ukingo karibu na marobota. Hakuanguka. Alishika breki tu, pumzi moja. Alipoinua kichwa, mgongo wa mwisho ulikuwa umeshaondoka mbele yake.

Akafukuza. Mzunguko wa kwanza pengo lilikuwa lile lile. Wa pili, lile lile. Ervin aliuona uso wake ukipita, umekuwa mweupe kuzunguka mdomo. Alijua uso ule. Ameona mamia.

Mara ya tatu Jolene akainua mkono, akakata kulia, akaingia kituoni.

"Gia!" akasema, akishuka. "Gia zinaruka!"

Gus aliinyanyua baiskeli kwa nyuma, akazungusha kanyagio, akabadili juu, akabadili chini. Cheni ilipanda na kushuka kama ulimi ndani ya kinywa. Akabadili tena. Kijiti kilisimama mdomoni. Akamtazama Ervin.

Ervin alikuwa ameinuka kitini. "Nioneshe," akasema.

"Mzee, ni mimi."

"Nakuona."

"Zinaruka nikikaza. Hapa hazioneshi, mpaka ukaze."

Ervin aliweka mkono wake kwenye kiti cha baiskeli. "Nenda sasa hivi. Bado hawajafika mbali. Toka sasa, bado umo mbioni."

Na ilikuwa kweli. Angetoka wakati ule angebaki na pengo lake, na pengo lina dawa. Lakini Jolene hakutoka. Alisimama pale, mguu mmoja chini, akangoja. Alikuwa ameshaingia, na alikuwa ameshamchagua mtu wa kumtegemea.

"Erv," Gus akanong'ona, ameinama kana kwamba anatazama cheni. "Waya nikiulegeza kidogo tu, ni gia mbovu kweli. Nani ataona?"

"Mimi."

"Aisee, ni Jolene!"

"Simama wima, Gus."

Kundi lilikuwa limefika nyuma ya kanisa. Sauti yake ilikuja kwanza, kama mvua juu ya bati.

"Mzee, tafadhali," Jolene akasema. Sasa alikuwa analia na hakuficha. "Ni mara moja. Sijawahi kukuomba kitu. Unajua nilichobeba leo. Mama Lu angenisukuma hata bila kuuliza!"

Neno hilo lilimpata Ervin mahali lilipokusudiwa. Aliona jikoni kwake. Aliona kiti kimoja mezani, redio, na jioni zote zilizokuwa zinakuja. Mtu pekee aliyekuwa anamtaja mkewe alikuwa amesimama mbele yake, anaomba kitu ambacho kingemgharimu kuinua mkono tu.

Kundi likatokea. Gus alikuwa ameshamshika Jolene kiunoni, tayari kumsukuma, macho kwa Ervin. Wa mbele wakapita. Mkiani kabisa alikuwapo mwalimu mmoja wa kike wa shule ya pale pale mjini, aliyepata nafasi ya kukimbia na wakubwa, namba yake imening'inia kwa pini moja, mate kidevuni, macho yamemtoka, ameshikilia lile gurudumu la mbele yake kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Hakuwa na chochote kilichobaki. Alikuwa bado anakanyaga.

Mkono wa Ervin ulibaki chini.

Upepo ukapita. Kimya.

"Pole," Ervin akasema. "Kanywe maji."

Jolene alimtazama. Gus aliwahi kumwona mtu akitazamwa hivyo, lakini ilikuwa mahakamani. Kisha Jolene akainyanyua baiskeli begani, akapita chini ya kamba, akapotea katikati ya watu.

Kengele ya mwisho ikalia. Mtangazaji akasoma majina kwa alama za wiki nzima. La Jolene halikuwamo katika matatu ya kwanza. Gus alianza kukusanya magurudumu, akiyatupa kuliko kuyaweka.

"Una moyo wa jiwe, wewe mzee."

Ervin alikuwa anakunja kiti chake.

"Leo utakula soseji peke yako, nakwambia. Na mwakani. Na mwaka ule mwingine."

"Inawezekana," Ervin akasema. Kiti kilimkatalia kukunjika. Gus akamwona anavyohangaika nacho, akaacha magurudumu, akaja akamkunjia.

Ervin alirudi nyumbani polepole. Majirani walikuwa uani, wanamwita, njoo Erv, bia ipo. Aliinua mkono akapita. Alikuwa amejiandaa kukuta gari la Jolene halipo.

Gari lilikuwapo, mlango wa nyuma wazi, baiskeli imeshafungwa juu. Kutoka ndani alisikia nyayo za mtu anayepanga vitu kwa hasira.

Hakupanda ghorofani. Alikwenda jikoni, akamimina bia sufuriani, akakata vitunguu, akatia soseji. Hakuwahi kuzipika. Alikuwa ameziona zikipikwa maisha yake yote. Akazipeleka uani, akawasha mkaa, akasimama na koleo.

Jolene alitokea mlangoni na begi.

"Naondoka, Mzee."

"Kula kwanza."

"Sina njaa."

"Umeendesha mbio nzima."

"Nusu. Nusu nyingine ulininyima."

Ervin aligeuza soseji moja. Ilikuwa nyeusi. Akaigeuza tena, nyeusi ikaenda chini.

"Mimi sijui kusema," akasema. "Msemaji alikuwa yeye."

"Basi jaribu. Siku moja tu, jaribu!"

Mafuta yalidondokea mkaa, moshi ukapanda. Jolene hakuondoka. Huenda alitaka kusikia apate cha kuchukia vizuri njiani.

"Ukiwa pale kituoni," Ervin akasema, "unapumua. Wao hawapumui. Umemwona yule mwalimu? Nikikupa wewe pumzi, naitoa kwao. Naitoa kwa yule. Mimi pale sina yangu ya kutoa." Akaendelea, na ilionekana anabeba kila neno kwa mikono miwili. "Ningekuwa nayo yangu, ningekupa yote."

Jolene alishusha begi chini.

"Ulijua nitaondoka?"

"Nilijua unaweza."

"Na nyumba itabaki vile ilivyokuwa."

"Ndiyo."

"Hata wa kukutajia Mama Lu hutakuwa naye. Gus aliniambia. Alisema mjini hapa hawathubutu."

"Ndiyo."

"Na bado ukaninyima."

"Ndiyo," Ervin akasema.

Jolene alikaa kwenye ngazi ya uani. Alikaa kama mtu aliyeishiwa. Alilia kidogo, akafuta uso kwa kola ya fulana yenye chumvi. Halafu, bila kumtazama, akasema, "Gia zilikuwa nzima."

"Najua."

"Gus angelegeza ule waya."

"Gus angelegeza hata ndoa yake kwa sahani ya viazi."

Kicheko kilimtoka Jolene kabla hajakizuia, kikakwama puani, akakohoa. Ervin alimletea sahani. Alimletea haradali, vitunguu na mkate. Akakaa naye ngazini, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Walikula. Mitaa ilikuwa inafunguliwa, watu wanaburuta vizuizi vya chuma, na gari la kwanza lilipita mbele ya nyumba kana kwamba halikuwahi kukatazwa.

"Mzee."

"Naam."

"Soseji hizi ni dhambi."

"Zimeungua nje tu."

"Ndani mbichi!"

"Kula ya katikati."

Alikula. Akaomba nyingine. Alisema dada yake anamngoja Alhamisi, kwa hiyo kama chumba hakina mtu, angelala mpaka Jumatano. Ervin akasema hakina mtu. Hakusema zaidi, lakini alikwenda mwenyewe garini, akalitoa begi, akalipandisha ghorofani, akipumzika katikati ya ngazi.

Asubuhi Jolene alimkuta jikoni ameshavaa kofia.

"Sikuja kumzika," Jolene akasema. "Februari nilikuwa mbali, sikuwa na nauli. Nipeleke."

Wakaenda na pikapu. Makaburi ya Port Hedwig yako juu, yanalitazama ziwa. Kaburi la Lucille lilikuwa safi, nyasi changa, majani mawili matatu ya magugu. Ervin alivua kofia. Alikuwa anakuja hapo kila Jumapili baada ya misa, anasimama, anarudi. Hakujua kuna kingine cha kufanya.

Jolene alikaa chini kabisa, miguu imekunjwa, kama anavyokaa mtu jikoni kwa mama yake.

"Mama Lu," akasema kwa sauti, "nimekuja kushtaki."

Ervin akamtazama.

"Mumeo jana ameninyima mzunguko. Mbele ya watu. Nimelia na machozi ya kweli, hata hakupepesa. Timu imenipita, nakwenda kuuza matairi. Halafu akaja kunilisha mkaa. Sasa nauliza, huyu uliishi naye vipi miaka yote hiyo?"

Upepo ulitoka ziwani. Ervin alizungusha kofia mikononi. Akasogea hatua moja.

"Gia zilikuwa nzima, Lu," akasema.

"Usimwingilie mshtaki!"

"Zilikuwa nzima. Gus aliziangalia. Hata mimi niliziangalia." Akatazama nyasi. "Ningependa ziwe mbovu, Lu. Nilizitazama sana."

Jolene alinyoosha mkono akamshika mzee kwenye pindo la suruali, kama unavyomshika mtu asianguke, akashikilia hivyo.

Kisha akasema, "Mama Lu amesema una makosa."

"Amesema saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wewe husikii, masikio yako yameliwa na kengele. Amesema una makosa, na amesema ungefanya vingine angekushangaa."

Ervin aliangalia ziwa. Mashua mbili zilikuwa zinatoka kuvua.

"Na mwakani?" akauliza. Hakumwangalia alipouliza.

"Mwakani nitachukua likizo ya Juni huko kwenye matairi. Nitakimbia asubuhi na madaktari wa meno. Na nitakuja kituoni kwako na gia mbovu kweli, nimezivunja kwa nyundo."

"Zilete," Ervin akasema, akapiga magoti kwa taabu, wakaanza kung'oa magugu.